Vyuma Chakavu Ni Mali, Lakini Mnunuzi Yuko Wapi?

Kwa muda wa miezi saba ua wa jirani zetu, katika mtaa wa Munuki hapa Juba, ulikuwa ukijaa kidogo kidogo. Kwanza ziliingia jenereta mbili zilizoungua, kisha televisheni za kizamani zenye mgongo, kisha magunia ya simu zilizokufa, betri za sola, pasi, feni, na nyaya zilizoviringishwa kama ukili. Mwenye mali hiyo ni kijana wa miaka 24, aliyelelewa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma nchini Kenya, akarudi nyumbani akiwa na Kiswahili kizuri, ufundi kidogo wa redio na matumaini mengi. Alinunua vitu hivyo nyumba kwa nyumba, kwa fedha ambazo mama yake huzipata kwa kuuza chai.

Siku ile mwenye nyumba alipokuja kuwaambia kwamba ua wake si jalala, mama yule alinijia jioni, akaketi kizingitini. "Ustaz," aliniambia, kwa jina ambalo watu wa Juba humwita mwalimu, hata yule aliyekwisha iacha chaki na kuhamia ofisini, "mwanangu amejaza ua mali, lakini nyumbani hamna unga. Hii mali ni mali gani?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Naamini kuwa ziko nyumba nyingi, si za Juba tu bali za Kampala, za Arusha na za Bujumbura, ambamo kijana mwenye bidii ameanza kazi hii kwa kukusanya, akasahau kuuliza ni nani atakayenunua. Tuchunguze basi, ndugu msomaji, jambo hili hatua kwa hatua.

WATEJA NI WA AINA MBILI

Muuza nyanya anao mteja mmoja tu, yule anayekula nyanya. Mwenye kazi ya vyuma chakavu anao wateja wa aina mbili, na hapana budi awatumikie wote wawili. Wa kwanza ni yule anayemtolea kitu kibovu: mama wa nyumbani, hoteli, shule, ofisi. Wa pili ni yule anayenunua kilichotenganishwa: fundi, mfua bati, mfanya biashara mkubwa mwenye lori. Kijana wetu alimjua wa kwanza tu. Alifurahi kila alipopata kitu kwa bei ndogo, akadhani amepata faida. Kumbe faida haipatikani siku ya kununua bali siku ya kuuza.

Kanuni ya kwanza basi ni hii: mtafute mnunuzi kabla ya kukusanya mzigo. Kijana aende kwanza sokoni mikono mitupu, akiwa na kalamu na daftari. Awaulize mafundi na wachuuzi wa vyuma maswali manne: unanunua nini, kwa kipimo gani, kwa bei gani wiki hii, na unalipa papo hapo au baadaye? Bei za kitu hiki hupanda na kushuka kwa kufuata soko la dunia na thamani ya fedha zetu, kwa hiyo bei ya mwezi uliopita si bei tena. Siku mbili za kuulizauliza namna hiyo zingemwokolea kijana wetu miezi saba.

TENGA KABLA YA KUUZA

Jambo la pili ni kutenga. Vitu vyote vikiwa katika gunia moja, mnunuzi atalipa bei ya kile kilicho duni kuliko vyote, yaani chuma cha kawaida. Chukua sumaku, ambayo inapatikana ndani ya spika yoyote iliyoharibika. Chuma hunasa, kopa, yaani shaba nyekundu, hainasi, wala shaba ya manjano, wala aluminiamu, wala risasi. Kisha chukua tupa na ukwangue kidogo. Waya unaoonekana mwekundu kwa juu wakati mwingine huwa mweupe ndani, kwa sababu ni aluminiamu iliyopakwa kopa, na mnunuzi mzoefu hataacha kuukwangua.

Tufanye hesabu ndogo ya darasani. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba kilo moja ya kopa hununuliwa kwa bei ya kilo 10 za chuma. Kijana anazo kilo 100 za mchanganyiko, na ndani yake kilo 10 ni kopa. Akiuza bila kutenga atapata thamani ya kilo 100 za chuma. Akitenga atauza kilo 90 za chuma, na zile kilo 10 za kopa zitamletea thamani ya kilo 100 nyingine. Jumla ni 190. Mzigo ni ule ule, ua ni ule ule, lakini kipato kimekaribia kuwa maradufu kwa kazi ya sumaku, tupa na subira.

MLANGO WA KARIBU KWANZA

Mnunuzi bora mara nyingi si yule wa mbali. Katika soko la Konyo Konyo na lile la Custom wamo mafundi wa simu na redio ambao kila siku hutafuta vioo, spika, vitufe, vifuniko na mahali pa kuchomekea chaji. Simu iliyokufa ikiuzwa kwa uzito ni takataka. Ikifunguliwa kwa uangalifu, kioo chake kizima kinaweza kupita thamani ya gunia zima la plastiki. Kwa hiyo, kabla ya kuhesabu kilo, hesabu vipuri.

Hali kadhalika na jenereta. Mji wa Juba uliishi kwa miaka mingi kwa kutegemea jenereta za watu binafsi, mpaka mwishoni mwa mwaka 2019 kituo kipya cha umeme kilipoanza kuhudumia sehemu ya mji. Ndiyo maana jenereta mbovu ni nyingi katika nyua zetu. Fundi wa jenereta atahitaji kabureta, tangi, magurudumu na hata nati. Na kilichobaki ndicho kiuzwe kama chuma. Wafua bati nao hununua mabati na madebe kwa ajili ya majiko ya makaa, masanduku na milango. Wako pia wanaoyeyusha aluminiamu na kusubu sufuria. Hao huhitaji aluminiamu safi isiyochanganywa na misumari wala rangi nyingi.

Mteja wa karibu ana faida nyingine. Hulipa kidogo kidogo lakini hulipa mara kwa mara, na kwa hicho kidogo unga hununuliwa. Kijana wetu alikuwa akingojea mzigo mkubwa ujaze lori zima, na huku mama yake akipunguza sukari ya kuuzia chai.

MALORI YARUDIYO MATUPU

Hata hivyo chuma kizito hakina mnunuzi mkubwa mtaani. Hapo inafaa tutazame barabara. Njia ya lami kutoka Juba hadi Nimule, mpakani na Uganda, yenye urefu wa kilometa 192, ilikamilishwa mwaka 2012. Kwa njia hiyo malori huja kila siku yamejaa saruji, unga, vinywaji na mabati. Na kwa kuwa nchi yetu inapeleka nje bidhaa chache kwa barabara, mengi hurudi matupu. Dereva arudiye mtupu hukubali nauli iliyo nafuu kuliko ile ya kuja. Ng'ambo ya mpaka, katika miji kama Jinja, viko viwanda vinavyoyeyusha chuma chakavu kuwa nondo za kujengea.

Lakini hili si jambo la mtu mmoja mwenye ua mmoja. Mdogo na amuuzie mkubwa mwenye leseni, au vijana kadhaa waungane, waweke mizani moja na daftari moja. Tena kabla ya kupakia hata kilo moja, waende forodhani na katika wizara inayohusika wakaulize kinachoruhusiwa wakati huo, kwa maana sheria za bidhaa hii hubadilika ghafula. Jirani zetu wa Kenya walionja hayo mwezi Januari 2022, serikali yao iliposimamisha biashara yote ya vyuma chakavu baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa na nchi kuingia gizani. Biashara ilifunguliwa tena miezi michache baadaye kwa masharti makali zaidi. Aliyekuwa amekopa fedha ili ajaze ghala, alibaki na ghala na deni.

OFISI ZENYE GHALA

Sasa nizungumze kama mtumishi wa serikali. Karibu kila ofisi ya Juba, iwe ya wizara, ya shirika la misaada, ya benki au ya hoteli, ina chumba kilichofungwa ambamo kompyuta, mashine za kuchapia na betri za umeme wa akiba hulala miaka kwa miaka. Vijana hufikiri kwamba ukimjua mtunza ghala basi umemaliza kazi. La hasha! Mali ya serikali haitoki kwa ujamaa wala kwa soda. Iko sheria ya mwaka 2018 ya ununuzi wa umma na uondoshaji wa mali, na kifaa hakina budi kwanza kuorodheshwa na kuidhinishwa kwamba kimekwisha. Mashirika ya kigeni nayo yana taratibu zao, aghalabu za zabuni.

Kwa hiyo anayetaka mteja wa namna hii na aandike barua fupi na safi. Aeleze jina la biashara, namba ya usajili na ya kodi, vitu anavyopokea, na namna atakavyovishughulikia. Ofisi haina shida kubwa ya bei. Ina hofu mbili. Ya kwanza ni siri zilizomo ndani ya kompyuta. Ya pili ni aibu, isije mali yenye nembo yake ikaonekana imetupwa mtoni. Kijana akiahidi kuharibu mbele ya mashahidi kile kisanduku kinachotunza kumbukumbu, na kutoa hati yenye sahihi ya vitu vyote alivyopokea, atakuwa ameuza kitu ambacho ofisi inakitafuta kweli, nacho ni utulivu wa moyo. Asikate tamaa akijibiwa baada ya miezi mitatu. Ofisi huenda polepole, lakini ikikuamini hukuita tena.

JINA JEMA HUUZA

Waswahili husema, mali bila daftari huisha bila habari. Katika kazi hii daftari si la hesabu tu, bali ni ngao. Watu wengi wakimwona mnunuzi wa vyuma humdhania mpokeaji wa mali ya wizi, na wakati mwingine hawakosei. Waya wa umeme, taa ya sola ya barabarani, pampu ya kisima cha shule: vitu hivi vikiletwa na mtoto wa miaka 12 alfajiri, kuvinunua ni kuubomoa mji kwa mkono wako mwenyewe. Andika jina la muuzaji, mtaa wake, tarehe, kitu na uzito. Asiyetaka kuandikwa na aende zake. Habari kwamba nyumba fulani hainunui cha wizi huenea upesi, na wenye mali halali huleta mali zao huko.

Mizani nayo ni jina. Mama aliyepunjwa nusu kilo ya sufuria yake iliyotoboka hatarudi, tena atawaambia wenzake kisimani. Mpime mbele ya macho yake, msomee namba, mlipe. Mteja aliyeridhika ndiye tangazo lisilolipiwa.

NDOTO YA DAHABU

Vijana wengi wamesikia kwamba ndani ya simu na kompyuta mna dahabu. Ni kweli, imo. Lakini ni chembe. Medali zote za michezo ya Olimpiki iliyopangiwa Tokyo mwaka 2020 zilitengenezwa kwa madini yaliyotolewa katika vifaa vya umeme vilivyotupwa. Wajapani walikusanya simu zaidi ya milioni 6, pamoja na takriban tani 79,000 za vifaa vingine vidogo, kwa muda wa miaka miwili, na dahabu iliyopatikana ilikuwa kilo 32 tu. Wanariadha wetu wa Sudan Kusini, waliokuwa wakijizoeza katika mji wa Maebashi huko huko Japani tangu Novemba 2019, waliishi katika nchi iliyofanya kazi hiyo kwa viwanda vikubwa na wataalamu wengi.

Sasa, kijana wa Munuki mwenye magunia matatu atatoa nini? Akimwaga tindikali juu ya saketi katika beseni la kuogea watoto, atapata chembe zisizojaza ukucha, na mapafu yaliyoungua. Saketi zisiguswe, zikusanywe kavu, zipangwe kwa aina, ziuzwe nzima kwa mfanya biashara anayezipeleka kwenye viwanda halali. Kazi ya namna hiyo ipo katika eneo letu: Nairobi kuna kituo cha kushughulikia taka za kielektroniki, na Rwanda inacho kiwanda chake katika wilaya ya Bugesera. Hata hivyo kuvusha taka hizi mpakani kunahitaji kibali. Tangu tarehe 1 Januari 2025, chini ya Mkataba wa Basel, taka zote za kielektroniki, ziwe za sumu au zisiwe, zinatakiwa kuvuka kwa ridhaa ya nchi inayozipokea.

Kazi yenyewe haitakosa mali. Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa mwaka 2022 dunia ilitupa tani milioni 62 za taka za namna hii, na iliyothibitika kushughulikiwa ipasavyo haikufika robo.

VISIVYONUNULIWA KWA BEI YOYOTE

Yapo mambo ambayo hayana mjadala. La kwanza ni vyuma vya vita. Nchi yetu imepita katika mapigano mengi, na hapa Juba penyewe watu walipigana Desemba 2013 na tena Julai 2016. Kitu chenye umbo la risasi kubwa, la bomu au la kopo geni la chuma kisiguswe, kisipimwe, kisiletwe nyumbani hata kama kina kutu ya miaka 30. Weka alama kwa mbali, watoe watu, utoe habari kwa polisi au kwa watu wa kutegua mabomu. Mnunuzi anayekataa vyuma hivyo hadharani huokoa watoto, kwa maana mtoto huokota kile anachojua kitanunuliwa.

La pili ni betri za gari na za sola. Ndani yake mna risasi na tindikali. Mjini Mombasa, katika kijiji cha Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kilianza kazi mwaka 2007 na kufungwa mwaka 2014. Watu waliugua, na damu za watoto zilipopimwa zilikutwa na risasi. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wanakijiji walipwe shilingi bilioni 1.3. Fedha hizo, kubwa namna gani, hazirudishi akili ya mtoto iliyodumaa. Betri basi iuzwe nzima, isimame wima, isipasuliwe wala kumwagwa.

La tatu ni moto. Kuchoma nyaya ili kupata kopa ni njia ya haraka, lakini moshi wa plastiki ile ni sumu, na kopa iliyoungua hununuliwa kwa bei ya chini. Kisu na glavu huchelewesha kazi kwa saa mbili, lakini huongeza thamani ya mali na miaka ya maisha.

KAZI YA WATU WA NYUMBANI

Akina mama nao wanayo sehemu yao. Badala ya kutupa kila kibovu mferejini, weka kikapu kimoja mahali pasipofikiwa na watoto. Betri ndogo, chaji zilizokatika, redio, taa za sola: zikitimia, mwite mnunuzi. Na pale ambapo kijana wa nyumba ndiye mwenye kazi, mama ashike daftari. Mkono unaonunua usiwe ndio huo huo unaohesabu.

Hivyo ndivyo walivyofanya jirani zetu. Tulikaa siku ya Jumapili, sisi watatu, tukatenga mali yote kwa sumaku chini ya mwembe. Kijana alizunguka sokoni siku mbili bila mzigo. Wiki ya kwanza aliuza vioo vya simu na spika. Wiki ya tatu fundi mmoja alichukua vipuri vya jenereta zote mbili. Mwezi wa pili chuma kizito kilibebwa na mfanya biashara mwenye leseni, aliyelipa papo hapo. Kodi ya nyumba ililipwa. Mama amerudishiwa sehemu ya mtaji wake, si wote. Zile televisheni zenye mgongo zingali pale zimefunikwa turubai, kwa kuwa vioo vyake vina risasi na hakuna aliyezitaka, nazo humkumbusha kijana kila asubuhi kosa lake la kwanza.

Juzi nilipopita, kijana alikuwa ameleta gunia jipya mlangoni. Mama yake alisimama na daftari, hakumpisha. Alimwuliza jambo moja tu: "Hili lina jina la nani?" Siku hizi sharti lake ni kwamba gunia lisiingie uani kabla ya kutajwa atakayelinunua. Vijana wetu wanaotaka kuishi kwa kazi hii, iliyo halali na yenye manufaa kwa mji, na walishike sharti hilo. Ua ni mdogo, lakini soko ni pana kwa yule anayekwenda kuliuliza kwanza.